Mgeni Hana Masikio

Sisemi paukwa ili mniitikie pakawa. Nchi ya Kawani nimeifikia kwa miguu yangu, nimekula chakula chake, nimekaa ndani ya Bunge lake, na niliyoyaona huko ndiyo ninayoyaandika. Njia siielezi. Kila aendaye hupita njia yake.

Kilichonipeleka ni mafiga.

Nilipokuwa kijana, watu wa Kawani walitafuta wabebaji wa mawe katika kilima chao kiitwacho Ngwale. Nikaenda. Kazi yenyewe sikuielewa hata siku moja. Asubuhi tunateremsha mawe kutoka juu mpaka chini, jioni tunayapandisha yale yale kutoka chini mpaka juu, na msimamizi yupo pembeni anaandika. Ukiuliza sababu unaambiwa, "Beba." Siku ya kuondoka nilichukua mawe matatu, meusi, kila moja lina mstari mweupe katikati kama mtu aliyejifunga mkanda. Nikampelekea mke wangu, Mwanamvua. Ndoa yetu ilikuwa bado changa, jikoni anapikia matofali mabovu. Aliyapokea kama nimemletea dhahabu. Akayapanga, akaweka chungu, na kwa miaka ishirini na sita chungu chetu hakikukaa pengine. Nikitoka shamba, kabla sijavuka kizingiti, namsikia: "Keti, baba Siwema, nimeshainjika chungu."

Kisha tumbo lake likaanza kuvimba. Hospitali ya wilaya walimlaza siku tisa. Waliandika kwenye jalada, wakalifunga jalada. Nilipouliza ni ugonjwa gani, daktari alisema, "Mzee, haya ni mambo ya kitaalamu." Mashine ya kupimia ilikuwa mbovu tangu Ramadhani, na mkubwa wa hospitali alikuwa kwenye semina. Mwanamvua alifariki siku ya kumi. Semina ilikuwa bado haijaisha.

Arubaini haijafika, redio ikatangaza kwamba Kawani wana jiwe la moto, kwamba kipande chake kimoja chaweza kuchemsha mji mzima kama maharage, na kwamba jiwe hilo linatoka kilima cha Ngwale. Mtangazaji akaongeza kuwa anayekaa karibu nalo kwa muda mrefu huharibika ndani kwa ndani, nje huoni hata mkwaruzo.

Nilikaa chini pale pale uani. Nilikuwa nimemuua mke wangu kwa zawadi.

Sasa anayepikia mafiga yale ni binti yetu, Siwema. Zaidi ya mwaka chakula chake sikukigusa, kisha akapata mimba, ikafika miezi mitano. Nikamwambia ayatupe. Akakataa.

"Baba, haya ndiyo mama aliyoniachia. Redio haikunilea."

"Na hilo tumbo lako?"

"Basi nenda kwa wenyewe, huko Kawani. Niletee neno moja tu. Wakisema yana sumu, nitayabeba mwenyewe nikayazike. Wakisema hayana, utakaa hapa ule chakula changu kama watu wengine. Mwaka wa pili huu unatafuna muhogo mbichi kama mbuzi, na majirani wanadhani nakunyima."

Nikaenda.

Mpakani mwa Kawani pana meza, na juu ya meza pana kawa, hii hii ya ukindu tunayofunikia sahani nzi wasitue. Kwetu kawa ni chombo cha jikoni. Kwao kawa ndiyo serikali. Siri ndogo hufunikwa kawa moja, siri ya wastani kawa mbili, siri kubwa kawa tatu. Watumishi wa umma huzivaa kichwani kulingana na cheo: karani moja, mkurugenzi mbili, waziri tatu zimepandana, hata akifika mlangoni inabidi apite amechuchumaa. Niliwaona mawaziri wawili wamekutana katika mlango mmoja, wote wamechuchumaa, kila mmoja anamwambia mwenzake, "Tangulia, mheshimiwa."

"Umekuja kufanya nini, mzee?" aliniuliza ofisa wa mpakani.

"Kuuliza swali."

"Swali ruksa. Jibu ndilo lenye matatizo. Wewe ni mgeni?"

"Ndiyo."

"Basi huna masikio."

Nikayashika. Yalikuwepo yote mawili. Akacheka, akanifafanulia kama anayemfafanulia mtoto. Sheria ya Wageni ya Kawani inasema mgeni ana macho ya kutazamia maendeleo, ana tumbo la kukaribishiwa, na ana miguu ya kuondokea. Masikio hayakutajwa. Na katika nchi ile kisichotajwa na sheria hakipo.

"Sasa nikikujibu," akasema, "jibu langu litaingilia wapi?"

"Mbona unazungumza na mimi?"

"Nazungumza peke yangu. Wewe umesimama tu hapo. Pita, karibu sana."

Siku nne nilizunguka ofisi zao. Neno "jiwe" halisemwi na mtumishi wa serikali. Wanasema "kile kitu", na wizara yenyewe inaitwa Wizara ya Vile Vitu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mwandishi wa mapokezi aliniandikia swali langu: je, mawe ya Ngwale yana madhara kwa mtu anayepikia? Akalisoma, akashtuka, akalifunika kwa kawa, akanikabidhi lote pamoja na kawa yake. Nikapelekwa chumba cha pili. Mkurugenzi akasema, "Swali lako nini?" Nikamwonyesha. Akasema, "Limefunikwa, siwezi kuliona." Nikamwambia alifunue. Akasema mwenye kulifunua ni chumba cha kwanza. Chumba cha kwanza wakasema wao kazi yao kufunika tu.

Siku ya nne nilipaza sauti ukumbini. Nilisema wakubwa ni wale wale, wa kwetu na wa huko, tofauti yao kofia. Nilisema mke wangu amekufa na binti yangu ana mimba na hapa mnacheza na vifuniko. Hakuna aliyenikemea. Walinitazama kwa huruma, kama mtu mwenye kifafa. Ndipo akaja mzee mmoja mfupi, kawa yake moja imechakaa na kuchomoka nyuzi. Alikuwa karani wa Bunge, jina lake Tambuu.

"Mzee mwenzangu," akasema, "masikio huna, lakini tumbo unalo, na sheria inataka lijazwe. Twende jikoni kwa Bi Mashavu."

Jiko la Bunge liko nyuma ya ukumbi wa mikutano. Bi Mashavu, mpishi, ni mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alinipakulia wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Nilikuwa nimeshakata tonge, nikatupa jicho kwenye moto wake.

Mafiga matatu. Meusi. Kila moja na mkanda wake mweupe.

"Mama, hayo mawe umeyapata wapi?"

"We! Hapa hatusemi hivyo. Sema vile vitu."

"Vile vitu umevipata wapi?"

"Nilivikuta. Na aliyenitangulia alivikuta. Kula, baba, wali unapoa."

"Vimetoka Ngwale."

"Vitoke vitokako, mimi vinanishikia sufuria."

Mkono ulinigomea. Nikarudisha tonge kwenye sahani, nikaisukuma. Bi Mashavu akaona nimemdharau.

"Haya, susa! Waziri mzima anakula sahani mbili na kuomba ukoko, yeye mgeni anasusa. Tambuu, huyu umemwokota wapi?"

Tambuu akaniondoa kabla sijapigwa mwiko. Akasema kwa kuwa macho pia ninayo, anipeleke nikaone Bunge. Siku hiyo lilikuwa na kazi kubwa: Muswada wa Kufunika Zaidi, unaohusu kile kitu cha Ngwale. Nikakaa juu, kwenye viti vya wasikilizaji, pamoja na raia wapatao hamsini.

Muswada ulikuwa mezani, chini ya kawa tatu. Wabunge walikuwa wanaujadili kwa siku ya sita, na hakuna aliyekuwa ameusoma.

"Mheshimiwa Spika, naomba utaratibu," alisimama mbunge mmoja. "Ningependa kufahamu tunajadili kitu gani."

"Hilo nalo limo chini ya kawa," akajibu Spika. "Endelea kuchangia."

"Ahsante. Basi naunga mkono hoja."

Wakampigia meza. Alikuwa Mheshimiwa Chubwa, na Tambuu alininong'oneza kuwa katika miaka kumi na minane bungeni hajapata kumalizia kwa sentensi nyingine. Jina lake limewekwa kwenye shule mbili.

Waziri wa Vile Vitu, Mheshimiwa Gombera, akasimama kwa uangalifu ili kawa zisimdondoke. Alisema dunia ni mbaya. Alisema majirani wana macho marefu. Alisema mtu akijua kile kitu kiko wapi, ni kingi kiasi gani na kinawashwa vipi, kesho atakuja kukiiba au kutengeneza cha kwake, na miji itachemka. Kwa hiyo sheria ya sasa, inayomfunga mtu anayesema, haitoshi. Sheria mpya itamfunga pia anayeuliza, anayedhani, na anayenyamaza kwa namna ya kujua.

"Kunyamaza kwa namna ya kujua kukoje, mheshimiwa?" iliuliza sauti ya mwanamke.

"Kama unavyofanya wewe ukiwa huongei, Bi Nyamizi."

Watu wakacheka. Bi Nyamizi alikuwa mbunge wa Ngwale penyewe, mwanamke mwembamba mwenye mvi, kichwani hana kawa, ana kilemba tu. Alingoja kicheko kiishe.

"Mheshimiwa Spika, mimi sikatai kufunika. Namna ya kukiwasha kile kitu, funikeni, hata kwa kawa kumi nitawashikia. Mlango wa ghala, funikeni. Hayo adui akiyajua tumekwisha. Lakini watu wangu waliohamishwa chini ya kilima wananiuliza kitu kingine. Wanauliza: tuliyakanyaga yale, tuliyakalia, tuliyajengea, je, tumedhurika? Mtoto wangu akikohoa, ni baridi au ni kilima? Hilo adui atalitumia wapi? Adui anataka kujua kifua cha mtoto wa Ngwale?"

Nilishika ukingo wa kiti. Lilikuwa swali langu, lile lile, limetoka katika kinywa cha mtu mwenye masikio.

"Adui akijua tunachokiogopa," alijibu Waziri, "atakuwa ametujua."

"Na sisi wenyewe, hatutakiwi kujijua?"

"Wewe unataka kujua sana, mama. Kwenu hamna kazi?"

"Kazi ilikuwepo. Shamba mmelizungushia waya."

Zogo likazuka, huku wanapiga meza, huku wanazomea, Spika anagonga nyundo yake mpaka kichwa cha nyundo kikaruka. Akasema mjadala umetosha, sasa zisomwe siri ziwekwe kwenye jedwali.

Hapo ndipo nilipoijua nchi ile. Kwa kuwa kisichotajwa hakipo, kisichotajwa hakifunikiki pia. Ili siri iwe siri kisheria, sharti kwanza isomwe kwa sauti kubwa, moja baada ya nyingine, mbele ya Bunge zima, na ipigiwe kura. Hawaoni kasoro yoyote. Tambuu, ambaye ndiye msomaji, ananyweshwa tangawizi kabla ili sauti ifike mpaka nyuma.

"Wasikilizaji wote watoke!" akaamuru Spika.

Raia hamsini wakainuka wakatoka. Nami nikainuka, nimekata tamaa. Askari akanifikia, akanitazama viatu na mavazi.

"Wewe si wa hapa?"

"Si wa hapa. Mimi mgeni."

"Aa! Kaa, mzee wangu, kaa. Usijisumbue bure." Akanipangusia kiti kwa kiganja.

Nikakaa, mimi peke yangu huko juu.

Tambuu akafunua kawa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasoma. Siri ya kwanza ilikuwa njia ya kuingilia ghala. Hiyo siiandiki, kwa kuwa Bi Nyamizi alisema kweli kuhusu mambo ya namna hiyo. Siri ya pili ilikuwa mahali zilipo funguo. Hiyo nayo naiacha. Ya tatu ilihusu ugonjwa wa mke wa waziri mmoja, sijui ilifikaje pale. Ya nne, ya tano, ya sita zilikuwa majina. Kila moja ikisomwa Mheshimiwa Chubwa anaunga mkono.

"Siri ya saba," akasoma Tambuu kwa sauti yake ya tangawizi. "Kawa tatu. Kwamba kilima cha Ngwale kilichimbwa na kupimwa mara nne, juu, chini na ubavuni, na halikupatikana jiwe la moto hata moja. Kwamba ghala ni tupu. Kwamba wabebaji waliwekwa wakateremsha na kupandisha ili watazamaji wa nje waone kuna shughuli. Kwamba mawe ya Ngwale ni mawe ya kawaida, hayana madhara kwa binadamu wala mnyama, na yanafaa kwa msingi, ngazi na mafiga."

Aliishusha karatasi. Alikuwa ametamka neno "jiwe" mara zote hizo, na hakuna aliyemkemea.

Nilisikia. Jamani, nilisikia kwa masikio yote mawili. Nikainama, paji la uso likagusa ukingo wa mbao, na kitu kilichokuwa kimenikalia kifuani mwaka na zaidi kikaondoka bila kuaga. Nilimwona Mwanamvua amechutama mbele ya moto, anapuliza, moshi unamliza, anacheka. Moto tu. Ulikuwa moto tu.

Kule chini watu walikuwa wanageuziana nyuso. Wabunge wengi nao walikuwa hawajui. Hata Chubwa alikuwa amefungua mdomo bila kutoa lile neno lake.

"Kwa hiyo hatuna kitu," akasema Bi Nyamizi, pole pole. "Watu wangu mmewahamisha kwa ajili ya kokoto."

"Tuna kitu," akasema Waziri Gombera, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, aliyechoka kubeba kichwa kizito. "Majirani wanatuogopa. Wewe ukishasema hatuna, watatuogopea nini? Ukindu?"

"Na wale wanaokufa kwa wasiwasi?"

"Hao hawamo kwenye jedwali."

Ikapigwa kura. Waliosema ndiyo wakashinda, kama kawaida, na wote waliokuwa wanajua wakala kiapo kwamba hawajui. Bi Nyamizi alikataa kuapa. Akakifunga kilemba chake vizuri, akatembea mpaka mlangoni, akatoka wima, maana hakuwa na kitu kichwani cha kumzuia. Nilimsikia huko nje anawaita wale raia hamsini waliokuwa kivulini: "Njooni, jamani, njooni karibu." Askari walikimbia huku na huku wakitafuta kawa ya kutosha mdomo. Hawakuipata.

Mtu atauliza niliaminije. Watu wale wanaweza kudanganya redioni asubuhi mpaka jioni, lakini siri zao hawaziongopei. Hakuna anayefunika uongo kwa kawa tatu. Uongo wanauacha wazi, watu wapite nao. Halafu niliyaona mafiga ya Bi Mashavu, na nilimwona Waziri alivyonenepa.

Nikarudi jikoni.

"Bi Mashavu, ule wali wangu upo?"

"Ule nimempa paka," akasema. Akanitazama usoni, akaacha ukali. "Keti. Nakupakulia mwingine."

Nilikula sahani mbili. Nikaomba na ukoko. Tambuu akaketi mbele yangu, ananitazama ninavyolia na kutafuna kwa pamoja, na hakuniuliza lolote, kwa kuwa kuniuliza kungekuwa kukiri kwamba nimesikia.

"Wali wako una chumvi," nilimwambia Bi Mashavu.

"Chumvi ni machozi yako, baba. Futa pua."

Mpakani nilimkuta ofisa yule yule.

"Haya, mzee. Ulipata jibu?"

"Ningelipataje? Sina masikio."

"Safi kabisa," akasema, akaandika. "Karibu tena."

Hasira sikuiacha yote Kawani. Wakubwa wale walikaa juu ya kokoto wakauza hofu kwa redio, na mimi nikainunua, nikalala nayo, nikaikalisha kati yangu na binti yangu. Na Mwanamvua alikufa kwa ugonjwa ambao jina lake liko ndani ya jalada, jalada liko kabatini, na ufunguo anao yule bwana wa semina. Kwetu wakubwa hawavai kawa, ndiyo maana watu hawawatambui. Jalada lile nitakwenda kulidai, na safari hii nina masikio, niko nchini kwangu. Lakini si mimi niliyemuua. Hilo nililitembeza njia nzima mdomoni kama pipi, naligeuza huku na huku: si mimi.

Nilifika nyumbani adhuhuri. Siwema alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, tumbo limeshafika magotini. Jiko lilikuwa limezimwa, majivu meupe, yale mafiga matatu yamekaa na mikanda yao. Aliniona, akaacha kukuna. Hakuinuka. Akashika tumbo kwa mkono mmoja na kifuu kwa mkono mwingine.

"Baba. Wamesemaje?"

Nilikuwa nimepanga kumweleza yote: Spika na nyundo yake, Chubwa, kilemba cha Bi Nyamizi. Lakini mwenyewe alikuwa ameniagiza neno moja tu.

Nikavua viatu, nikaketi mahali pangu pa zamani, karibu na moto.

"Injika," nikamwambia.